Wafu Waliokosa Nafasi: Makaburi ya Kale ya Wayahudi mjini Prague

Katika makaburi ya kale ya Wayahudi mjini Prague, mawe yapatayo 12,000 yamesongamana, mengine yakiwa yameinama na kuegemea wenzao. Mgeni aweza kudhani ni uzembe wa watunzaji. La hasha! Msongamano huu una historia yake.

Kwa desturi ya Wayahudi, kaburi ni mali ya marehemu daima. Haifai kufukua mifupa ili kumpisha mfu mwingine, jambo ambalo makanisa mengi ya Ulaya yalilifanya pasipo shida. Lakini Wayahudi wa Prague waliishi katika mtaa uliobanwa na mji, na kiwanja chao cha kuzikia hakikutosha. Walifanyaje? Walimwaga udongo juu ya makaburi ya zamani na kuzika tena juu yake, kisha wakayainua mawe ya chini yasimame pamoja na mapya. Pengine wafu wamelala matabaka kumi au zaidi. Jiwe la kale kabisa ni la mwaka 1439, la rabi na mshairi Avigdor Kara, aliyenusurika mauaji ya Wayahudi ya 1389. Maziko yalikoma mwaka 1787, Kaisari Joseph II alipopiga marufuku kuzika ndani ya mji.

Kazi ya kuzika ilikuwa ya chama cha mazishi kilichoanzishwa mwaka 1564. Maiti alioshwa, akavikwa sanda nyeupe na kuzikwa upesi. Aliyezoea maziko ya Waislamu hatashangaa. Sanda ya tajiri na ya maskini ilikuwa moja, ila mawe (binadamu ni yule yule) hayakulingana: lile la tajiri Mordechai Maisel, aliyefariki 1601, ni kama nyumba ndogo. Mawe pia yalisema mengi kwa picha. Mikono miwili inayobariki ni ya ukoo wa makuhani, jagi ni la Walawi. Mwanahistoria David Gans, aliyefariki 1613, ana bata bukini, kwa kuwa ndiyo maana ya jina lake kwa Kijerumani.

Kando ya makaburi hayo ipo sinagogi ya Pinkas. Kuta zake zimeandikwa kwa mkono majina ya Wayahudi karibu 78,000 wa Bohemia na Moravia waliouawa na Wanazi. Hao hawakupata jiwe, wala sanda, wala mtu wa kuwaosha.