Mkia Alioukosa Ibn Firnas

Katika mji wa Qurtuba, ambao Wahispania leo huuita Cordoba, aliishi katika karne ya tatu ya Hijria mwanachuoni aitwaye Abbas ibn Firnas. Alikuwa mtu wa mambo mengi: mshairi, mjuzi wa nyota, na mwenye mkono hodari katika kazi za ufundi. Inasimuliwa kwamba alipata njia ya kutengeneza kioo kutokana na mawe, akaunda saa, na ndani ya nyumba yake akajenga mfano wa mbingu, hata aliyeingia akaona nyota na mawingu na radi. Alifariki mwaka 274 Hijria, yaani 887 Miladia. Lakini jina lake halikudumu vinywani mwa watu kwa ajili ya kioo wala saa. Limedumu kwa sababu siku moja alijivika manyoya, akajifanyia mbawa mbili, akajitupa hewani.

Habari hii imetufikia hasa kwa kalamu ya al-Maqqari, mwandishi wa karne ya 17 aliyekusanya habari za Andalus, na ni kweli kwamba karne nyingi zinamtenga na tukio lenyewe. Hata hivyo ametuhifadhia pia kejeli ya Mu'min ibn Said, mshairi wa zama zile zile, aliyemcheka Ibn Firnas kwa jambo hilo. Nami naona ni vigumu kumcheka mtu kwa jambo asilolijaribu. Al-Maqqari asema aliruka mwendo wa kutosha, kisha akashuka vibaya akaumia mgongo. Sababu anayoitaja ndiyo iliyonifanya niandike: Ibn Firnas hakujua kwamba ndege anaposhuka hutegemea mkia, naye hakujifanyia mkia.

Zingatieni hapo, ndugu wasomaji. Hewa ilikwisha kumbeba. Kurudi ardhini ndiko kulikomshinda.

Zaidi ya miaka elfu moja baadaye mas'ala hayo hayo yaliwakabili watu wa Marekani, tena katika kitu ambacho wengi wangekiita mchezo wa watoto. Ni ndege ndogo ya mbao nyepesi inayopandishwa angani kwa roketi. Roketi ikizimika, ndege huteremka yenyewe ikielea kama mwewe.

Roketi ni kitu cha kale. Wachina waliijua mbele ya wengine, na Hasan al-Rammah wa Sham, katika kitabu chake cha mwisho wa karne ya 13 juu ya upandaji farasi na zana za vita, alieleza namna nyingi za kuchanganya baruti na kufanya mishale ya moto. Na kwetu pwani watu wa Malindi na Ngomeni waliziona roketi kubwa kwa macho yao, zikirushwa na Waitalia kutoka jukwaa la San Marco baharini tangu mwaka 1967 hadi 1988. Moja katika hizo ilipandisha setilaiti iliyoitwa Uhuru, tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipokuwa ikisherehekea uhuru wake.

Ama roketi za watoto, historia yake ina damu. Warusi waliporusha Sputnik tarehe 4 Oktoba 1957, vijana wa Marekani walishikwa na hamu isiyozuilika. Wakachukua mabomba ya chuma, wakayashindilia vitu vinavyowaka, wakayatia moto nyuma ya nyumba zao. Bomba la namna hiyo likikataa kuruka hugeuka kombora pale pale lilipo. Wako waliopoteza vidole, wako waliopoteza macho, na wako waliokufa. Baadhi ya wakubwa wakataka mambo haya yapigwe marufuku kabisa. Wengine hawakuwa na habari ya kinachofanyika mabandani mwao. Kwa maoni yangu wote wawili walimwacha kijana peke yake na hamu yake, na hapo ndipo penye hatari.

Kumbe dawa ilikwisha kupatikana, tena kwa muuza viatu. Orville Carlisle alikuwa na duka la viatu katika mji mdogo wa Norfolk, jimbo la Nebraska. Yeye alipenda fataki na alizijua vyema. Ndugu yake Robert alipenda kurusha ndege ndogo za mfano. Mwaka 1954 mapenzi ya ndugu hawa wawili yakakutana, Orville akaunda roketi ndogo ya karatasi na mbao nyepesi. Injini yake ilikuwa bomba la karatasi lililokwisha kushindiliwa baruti, mtoto asipate haja ya kuigusa. Ilipofika juu ilifyatua mwavuli mdogo, na roketi ikashuka taratibu, tayari kurushwa tena kwa injini mpya.

Mapema mwaka 1957 Carlisle alisoma makala juu ya usalama katika kazi ya roketi. Mwandishi wake, G. Harry Stine, alikuwa amefanya kazi katika uwanja wa majaribio wa White Sands. Carlisle akampelekea roketi zake. Stine alizirusha, akatambua mara moja thamani ya alichokishika, akafungua kampuni, akashiriki kuanzisha chama cha warushaji na kuweka kanuni zao: mwili usiwe wa chuma, mtu asichanganye baruti mwenyewe, na moto uwashwe kwa umeme kutoka mbali. Injini zilipohitajika kwa wingi, Vernon Estes wa Colorado, ambaye jamaa zake walikuwa watu wa fataki, aliunda mashine iliyotoa injini moja kila sekunde 5 na nusu hivi. Akaipa jina la kike, Mabel.

Mwavuli uliwatosha wengi, lakini wako waliotaka kitu chao kirudi kwa mbawa. Hapo ndipo lilipowakuta lile la Ibn Firnas. Bawa lililopangwa vyema kwa kuelea polepole, likisukumwa kwa kasi ya roketi, huinua pua mno. Chombo hupinduka duara na kujipigiza chini. Na kilichopangwa kupaa wima kama mshale hakijui kuelea.

Mabaharia wetu watalielewa jambo hili upesi kwa kufikiri juu ya farumi. Chombo hiki chataka uzito wake uwe omo kinapopaa, kisha usogee kuelekea tezi kinapoanza kuelea, na hakuna baharia ndani wa kuusogeza. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Estes alitoa ndege iliyotupa ganda la injini kwa nyuma baada ya baruti kwisha, na kwa kulitupa vibao vya nyuma ya mbawa vikainuka kuishika hewa. Larry Renger akaja na shauri jingine: injini ikae mbele, juu ya pua, katika kifuko chake. Uzito wake huielekeza ndege inapopaa. Kazi ikiisha, kifuko hung'oka na kushuka peke yake, na ndege iliyopunguziwa mzigo wa mbele huanza kuelea. Wako pia wanaokataa kuacha hata kipande kimoja angani. Wao hulikunja bawa lilale sambamba na mwili, likafyatuka wakati wa kuelea. Katika mashindano yao saa hupima muda wa kukaa hewani, na kikianguka kipande, safari hiyo haihesabiwi.

Mzazi ambaye mwanawe ameshikwa na hamu hii aanze naye bila moto hata kidogo. Mbao nyepesi, gundi, wembe na udongo wa mfinyanzi vinatosha. Chagueni alfajiri kabla upepo haujavuma, mahali penye majani na mbali na bahari, kwani upande wa bahari upepo wa bara utakichukua. Kirusheni kwa mkono, usawa wa bega, bila nguvu. Kikiinua pua, kikasita, kisha kikaanguka, tieni udongo kidogo puani. Kikipiga mbizi, upunguzeni au uongezeni mkiani. Rudieni mpaka kitue kwa tumbo.