Lugha Mgeni katika Nyumba ya Java

Katika mwaka wa 2007 Rich Hickey, Mmarekani, alitoa lugha ya kompyuta iitwayo Clojure. Kwa nasaba ni ya ukoo wa Lisp, lugha iliyobuniwa na John McCarthy mwaka 1958 katika Massachusetts Institute of Technology. Kwa makao, iliwekwa juu ya mashine ya Java, ambayo kampuni ya Sun Microsystems iliitoa mwaka 1995. Mashine hiyo haikuundwa kwa chuma. Ni programu inayosimama kati ya maandishi ya mtunzi na kompyuta yenyewe.

Sababu ya kuchagua makao hayo yafahamika. Lisp ilisifiwa miaka mingi na wataalamu, lakini kazi nyingi za biashara zilikuwa zimekwisha andikwa kwa Java. Lugha mpya isingaliweza kuyajenga yote hayo upya. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Clojure ilishika jembe la mwenyeji siku ile ile ya kufika.

Lakini jembe la mwenzio lina mpini wake. Katika Scheme, tawi la Lisp la mwaka 1975, kifungu cha programu huweza kujiita chenyewe mara zisizo na idadi, mradi wito uwe ndilo tendo lake la mwisho. Mashine ya Java haikuahidi hivyo: kila wito hushika nafasi katika kumbukumbu, na miito ikizidi programu huanguka. Hickey hakuuficha upungufu huo. Alitia neno recur, ili mtunzi atamke waziwazi mahali pa kurudia.

Hapo ndipo mwanafunzi hujikwaa. Hudhani kuwa kwa kusoma Clojure ameikwepa Java; kumbe kosa lake la kwanza humjibu kwa msururu wa majina ya Java ambayo hakufundishwa.

Hata hivyo mwenyeji naye ana deni. Desturi ya mashine kujisafishia kumbukumbu, ambayo Java hujivunia, McCarthy aliibuni kwa ajili ya Lisp. Tena Guy Steele, aliyeiunda Scheme pamoja na Gerald Sussman, alikuwa mmoja wa waandishi wa kitabu cha kanuni za Java cha mwaka 1996. Basi ajifunzaye Clojure hana budi kuisoma na Java. Humo atakuta nguzo zilizochongwa na jamaa za mgeni.