Nina nafasi au sina? Mizani ya shule kubwa za biashara tangu 1908

Mwenzenu nipo, nimebanwa na insha tatu na bumu limeshakata. Leo sitawachosha na malalamiko ya chakula cha kafteria. Leo naandika historia, maana ndiyo ninayosoma hapa chuoni, na kuna mtu kaniuliza swali lililoninyima usingizi.

Mwenzangu wa chumbani anamaliza digrii ya biashara mwaka huu. Jumapili usiku, yeye kitanda cha juu mimi cha chini, kasema: "Hivi shosti, kwa jipiei yangu ya 4.1, Harvard au Stanford wanaweza kunichukua nikasome MBA?" Nikacheka. Yeye hakucheka. Akashuka, akanionyesha bahasha. Ndani kuna hela ya kulipia mtihani wa GMAT, dola mia mbili na ushee. Ameikusanya miaka miwili kwa kubana bumu na kusuka watu nywele hapa hosteli. Akilipa na akakosa, jasho lote limekwenda. Asipolipa, atabaki anajiuliza hadi uzeeni.

Mimi hesabu zilishanishinda tangu sekondari. Nikamwambia, shosti, uwezekano wako siwezi kuupiga kwa kikokotoo, ila naweza kukusimulia mizani yenyewe imetoka wapi. Ndiyo hii.

Harvard walifungua shule yao ya biashara mwaka 1908. Wanafunzi kamili walikuwa 33, na wengine 47 wa masomo maalumu. Mtihani wa kuingilia kama huu wa GMAT haukuwepo. Mwanafunzi kamili alitakiwa awe na digrii. Unaweza kusema mbona rahisi! Lakini jiulize, Marekani ya 1908 nani alikuwa na digrii? Wengi ni vijana wa kiume wa kizungu, wenye wazazi wa kulipa. Shule haikuhitaji kubandika tangazo la kukataza wengine. Mchujo ulikuwa umeshafanyika huko nyuma.

Kwa wanawake ndo kabisa. Tangu 1937 waliwekewa kozi yao ya pembeni, chini ya chuo cha Radcliffe. Wa kwanza kuanza MBA ya miaka miwili pamoja na wanaume waliingia mwaka 1963, nao walikuwa 8. Maana yake, dada aliyeongoza chuo chake kizima mwaka 1960, akaomba kuanza mwaka wa kwanza pale, nafasi yake ilikuwa sifuri. Jipiei isingemsaidia kitu.

Na watu weusi? Naylor Fitzhugh alipata MBA yake Harvard mwaka 1933. Makampuni hayakumtaka, akaenda kufundisha Chuo Kikuu cha Howard kwa miaka mingi. Zaidi ya miaka 30 baadaye, weusi walioingia kwa mwaka bado ulikuwa unaweza kuwahesabu kwa vidole. Mwaka 1968 wanafunzi watano wakaunda umoja wao, wakambana mkuu wa shule, na darasa lililofuata likawa na weusi zaidi ya 20. Mmoja wa wale watano, Lillian Lincoln, mwaka 1969 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuhitimu MBA hapo.

Hapo ndipo nilipomwuliza shosti: je, akili za weusi wa Marekani ziliongezeka ghafla kati ya 1967 na 1968? Akanyamaza. Watu walikuwa walewale. Kilichosogea ni mizani.

Sasa tuje kwenye huo mtihani unaokula bahasha. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Marekani iliwasomesha askari waliorudi, vyuo vikafurika. Shule zikawa na maombi kutoka kila kona, na A ya chuo kimoja haikuwa A ya chuo kingine. Mwaka 1953 shule 9 zikakaa pamoja kutafuta kipimo kimoja. Mtihani ukaanza 1954, na jina la GMAT likaja 1976. Kazi yake ilikuwa kubashiri mtu atafanyaje darasani mwaka wa kwanza, basi. Haikutengenezwa kutabiri nani atakuwa bosi. Na sikilizeni hii: mwaka 1985 Harvard wenyewe waliuacha, wakaja kuurudisha miaka ya 1990. Kwa miaka yote ile, mtu mwenye alama za kutisha alikuwa na karata isiyochezeka pale.

Kisa kingine cha Machi 2005. Waombaji walikuwa roho juu wakisubiri majibu. Mtu mmoja akaandika kwenye intaneti namna ya kuchungulia jibu lako kabla ya siku. Wengi waliochungulia waliona ukurasa mtupu, wengine wakaona wamekataliwa. Harvard wakawakataa wote 119 waliojaribu. Inawezekana kabisa baadhi yao walikuwa wameshapita! Kiherehere cha kujua nafasi yako kikaila nafasi yenyewe.

Tumrudie shosti. Stanford huchukua watu 400 na kidogo kwa mwaka, kati ya maombi zaidi ya 6,000. Hiyo ni kama 6 au 7 kwa kila 100. Lakini hiyo namba ni ya kundi zima, haimsemi yeye. Shule inapanga darasa kama kocha anavyopanga timu: hawezi kuchukua washambuliaji 11 hata kama wote wanafunga. Mwaka huu wanapungukiwa na nani, hilo halimo kwenye jipiei yako.

Kitu kimoja kipo wazi. Zamani wengi walitoka chuoni moja kwa moja. Siku hizi darasa la kawaida lina watu waliokwisha fanya kazi miaka minne, mitano. Kwa mizani hiyo shosti bado mwepesi. Ila tangu 2007 Harvard wana mpango unaoitwa 2+2: unaomba ukiwa mwaka wa mwisho, ukikubaliwa unakwenda kazini kwanza angalau miaka miwili, ndipo unaingia darasani. Tena alama za GMAT zinadumu miaka 5. Kwa hiyo hela ya bahasha haifi siku moja. Mlango wa mwaka huu ukigoma, alama zilezile zinabisha tena akiwa na kazi mkononi. Tahadhari moja tu: mtihani mpya ulioanza mwishoni mwa 2023 una kipimo chake, msizilinganishe alama zake na za kaka zenu wa zamani.

Nilipomaliza kulikuwa kumekaribia kucha. Nikadhani kasinzia. Mara nasikia kutoka juu: "Kwa hiyo hujanijibu nafasi yangu ni ngapi." Nikamwambia kweli, sijakujibu, na atakayekutajia namba anakudanganya. Ninachojua ni kwamba wale 8 wa 1963 nao waliomba mahali ambapo kabla yao hakukuwa na hata mmoja.

Jumatatu alipotoka kwenda kusuka mteja, bahasha ilikuwa bado chini ya mto. Jana jioni nikatandika kitanda chake, haipo. Sijamuuliza. Akitaka atasema.

Tuombeane, wadau. Alamsiki.