Bomba la matini katika ubadilishaji wa nyaraka

Bomba la matini ni njia ya kupitisha maandishi kutoka programu moja ya mstari wa amri hadi nyingine bila kuyahifadhi kwanza katika faili. Alama yake ni mstari wima (|). Doug McIlroy wa Bell Labs, Marekani, alilipendekeza wazo hilo mwaka 1964, na Ken Thompson akalitia katika mfumo wa Unix mwaka 1973. Pandoc, programu ya kubadilisha nyaraka iliyoanzishwa mwaka 2006 na John MacFarlane, profesa wa falsafa huko Berkeley, husoma bombani kila isipopewa jina la faili. Pdftotext, programu ya kutoa maandishi katika PDF, hutaka kistari (-) mahali pa jina hilo.

Kinachopita bombani hakina jina, na hapo ndipo makosa mengi huanzia. Faili ya ripoti.html hujulikana kwa herufi zake za mwisho; matini ya bombani haina kitambulisho hicho, na Pandoc isipoelekezwa huichukulia kuwa ni ya umbizo la Markdown. Mtumiaji hana budi kutaja aina yake, kwa mfano -f html.

Usimbaji wa herufi ni jambo zito zaidi, hasa kwa majina ya magharibi mwa Kenya. Cherang'any, upande wa Kitale, na Sang'alo, kule Bungoma, yote yana ritifaa. Katika nyaraka za zamani za Windows, ritifaa iliyopinda huhifadhiwa kwa baiti 0x92, ambayo si halali peke yake katika usimbaji wa UTF-8. Kutegemea toleo, Pandoc hukataa kuendelea au hukisia usimbaji, na jina likatoka limeharibika. Dawa ni kutanguliza iconv, programu ya kubadilisha usimbaji:

iconv -f CP1252 -t UTF-8 majina.txt | pandoc -f markdown -t html

Hata ritifaa iliyonyooka haiko salama, kwani Pandoc huipinda yenyewe isomapo Markdown. Atakayetafuta Sang'alo kwa programu ya grep, akiandika ritifaa iliyonyooka, hatalipata. Aina ya -f markdown-smart huzuia badiliko hilo, nayo inafaa kutumiwa kila orodha ya majina ya watu au vijiji inapoandaliwa: jina la mtu liandikwe kama mwenyewe anavyoliandika.

Nyaraka za docx nazo hupitishwa bombani, ila ni kasha la zip ambalo faharasa yake iko mwishoni; kwa kawaida programu haianzi kulifungua mpaka baiti ya mwisho ifike.