Umbali, Mwendo na Duara Kuu

Kutoka Kiongoroni hadi Nyamisati ni mbali kiasi gani? Katika delta ya Rufiji swali hilo halijibiki kabla ya kujua maji yako wapi. Yakijaa, boti hukata mkono wa mto na kufupisha njia. Yakipwa, mkono ule ule huwa tope tupu kati ya mikoko, na nahodha huzunguka au hungoja. Vijiji havijasogea hata hatua moja. Umbali ni ule ule. Kilichobadilika ni mwendo.

Tofauti hiyo ndiyo msingi wa istilahi ya marubani: umbali wa duara kuu. Ukikata chungwa katikati kabisa, kisu kikapita kwenye kiini, ukingo wa kipande ni duara kuu. Ikweta ni mojawapo. Kati ya miji miwili, njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia ni tao la duara la namna hiyo, na kila nyuzi moja ya tao ni maili 60 za bahari, yaani kilomita 111 hivi.

Kwa umbali huo Waingereza, katika maongezi, humtaja kunguru arukaye. Kiswahili hakina haja ya kumwazima ndege huyo. Wengine huandika “masafa ya duara kuu”, lakini masafa yameshachukuliwa na mafundi wa redio. “Umbali” ni salama zaidi.

Delta yenyewe iliwahi kuona thamani ya kupita juu. Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani, Königsberg, ilijificha humo, na meli za Waingereza hazikuweza kuifuata kwenye mikono ya mto. Mwezi Novemba rubani Dennis Cutler aliruka kutoka kisiwa cha Niororo, karibu na Mafia, akaiona.

Sasa turudi kwenye umbali na mwendo, tutazame Muscat, huko Arabuni. Kwa miaka mingi boriti za mikoko ya Rufiji zilipakiwa majahazini kwenda Arabuni na Ghuba, na manahodha walingoja kusi iwasukume. Umbali wa duara kuu kutoka Dar es Salaam hadi Muscat ni karibu kilomita 4,000. Kwa jahazi ulikuwa mwendo wa majuma. Kwa ndege ni mwendo wa saa 5 na nusu hivi, ukihesabu tangu ndege inapoondoka maegeshoni hadi magurudumu yasimame.

Tiketi, hata hivyo, huandika saa za kila mji, na Muscat iko mbele kwa saa moja. Anayeondoka Dar es Salaam saa 4:00 asubuhi hufika saa 10:30 jioni. Anayeondoka Muscat saa 4:00 asubuhi hufika saa 8:30 mchana. Asiyejua hesabu hiyo atadhani kwenda ni saa 6 na nusu na kurudi ni saa 4 na nusu.