Nani analinda usingizi wa daktari?

Rais Julius Nyerere alipofungua Hospitali ya KCMC mjini Moshi, Machi 1971, Tanzania ilikuwa na shule moja tu ya udaktari, ile iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1963. Mabingwa wengi walitoka ng'ambo. Kwa hiyo KCMC ililazimika kutibu na kufundisha kwa pamoja. Mwaka 1992 kilianza hapo kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, kikapokea wanafunzi kutoka nchi mbalimbali za Afrika. Mwaka 1997 kikazaliwa chuo cha udaktari chini ya Chuo Kikuu cha Tumaini.

Leo madaktari waliokwisha kuhitimu huenda KCMC kusomea ubingwa wa upasuaji, watoto, uzazi na fani nyingine. Hospitali hiyo ni ya rufaa kwa kanda nzima ya kaskazini. Usiku mmoja unaweza kuleta mama mwenye uchungu pingamizi kutoka Rombo, kijana wa bodaboda aliyevunjika paja na mpanda mlima aliyezidiwa huko Kibo. Anayeitwa kwanza ni daktari anayesomea ubingwa. Bingwa wake hufuata. Kukicha, kuna ripoti ya zamu, raundi ya wodini, kliniki, na tasnifu inayomsubiri mezani.

Mtindo huu una asili yake. Hospitali ya Johns Hopkins, Marekani, ilipofunguliwa mwaka 1889, William Osler na William Halsted waliwataka wanagenzi wao waishi humo humo hospitalini. Halsted mwenyewe alikuwa ametekwa na kokeini aliyokuwa akiijaribu kama dawa ya ganzi, na baadaye mofini. Hata hivyo, ukali wa ratiba yake ulirithiwa karibu dunia nzima.

Karibu karne moja baadaye, mwaka 1984, msichana wa miaka 18, Libby Zion, alifariki katika hospitali moja ya New York akihudumiwa na madaktari wanagenzi waliokuwa kwenye zamu ndefu. Baba yake hakunyamaza. Mwaka 1989 jimbo hilo likaweka ukomo wa saa 80 kwa wiki, na mwaka 2003 ukomo huo ukaenea Marekani nzima. Ulaya ilishuka hadi wastani wa saa 48.

Kwetu, mgomo wa Januari 2012 ulianzia kwa madaktari wa mafunzo ya vitendo pale Muhimbili waliodai malipo yao. Mjadala ukatawaliwa na fedha: mishahara, nyumba, posho ya kuitwa kazini. Usingizi ukabaki nyuma.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki na mapumziko ya saa 12 mfululizo kila siku. Lakini imeandikwa kwa ajili ya mwajiriwa. Anayesomea ubingwa ni mwanafunzi kwenye daftari la chuo na mtumishi mbele ya mgonjwa. Kila upande unaweza kudhani mwenzake ndiye anayehesabu saa zake.

Kupunguza saa bila kuongeza watu kutaacha wodi tupu, na daktari asiyeona wagonjwa wa kutosha haivi. Basi Wizara ya Afya, vyuo na Baraza la Madaktari waketi pamoja, waandike ukomo wa zamu kwa madaktari hawa, na serikali iajiri wa kuziba pengo. Mgonjwa anayeteremshwa kutoka Rombo usiku wa manane ana haki ya kupokewa na daktari aliyelala.