Kijiji cha Uingereza Kilichohamwa 1943, Hadi Leo Hakuna Aliyerudi Kuishi

Wadau, Tyneham ni kijiji kidogo cha Dorset, kusini mwa Uingereza, bondeni jirani kabisa na bahari. Desemba 1943, vita imepamba moto, watu kama 225 wakalazimika kufungasha virago, jeshi linataka uwanja wa mazoezi ya vifaru. Yaani wiki moja kabla ya Krismasi! Mlangoni mwa kanisa wakaacha karatasi, wakiwaomba askari watunze nyumba zao maana watarudi vita ikiisha. Ikaisha 1945. Mwaka 1948 jeshi likajimilikisha eneo lote. Wengi walikuwa wapangaji tu, ardhi ya familia moja, sasa wangedai kwa hati gani? Siku hizi wikiendi nyingi watalii wanaruhusiwa, wanajipiga selfi kwenye kuta zisizo na paa.